Povu kwenye Mkojo: Tuliyojifunza Tukimuuguza Mama Figo Muheza

Mgonjwa wa sukari au presha anaweza kuhudhuria kliniki mwaka nenda mwaka rudi, achomwe kidole, afungwe mashine ya presha mkononi, apewe dawa na tarehe ya kurudi, na figo zake zisiangaliwe hata mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama, hapa Muheza mkoani Tanga. Aligundulika na sukari mwaka 2008, presha ikafuata miaka michache baadaye, na figo zilianza kupimwa mwaka 2022 zikiwa zimeshapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Naandika kwa ajili ya watoto wa wagonjwa kama yeye, hasa wale ambao mlango wao wa kwanza wa matibabu ni zahanati au kituo cha afya.

Dalili zilikuwepo, ila kila moja tulikuwa tumeipa jina lake. Mkojo wa Mama ulitoka na povu jingi lisilokatika haraka. Akaambiwa ni U.T.I., maambukizi ya njia ya mkojo. Akamaliza vidonge, povu likabaki, akaambiwa U.T.I. imekuwa sugu, akachomwa sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, siku kadhaa mfululizo. Miguu ilivimba jioni, shangazi akasema ni kusimama sana sokoni. Alichoka upesi na macho yakawa meupe, tukasema damu imepungua, akanyweshwa juisi ya rozela na kulishwa maini. Usiku aliamka kukojoa mara nyingi, na hilo tukalitia kwenye hesabu ya sukari. Kiuno kilipomuuma ndipo watu walipotaja figo, kumbe kiuno kile kilikuwa cha mifupa na kazi ya miaka mingi. Ugonjwa sugu wa figo mara nyingi hauumi popote. Anayesubiri maumivu ndipo akapime, atafika akiwa amechelewa.

Kiuno hicho kilituletea hasara nyingine. Kila siku ya soko Mama alipitia duka la dawa akanunua vidonge vya maumivu, diklofenaki, vya mia tano, akameza, akaendelea kuuza machungwa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wa jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa kijana mzima anayemeza siku mbili kwa sababu ya jino, mara nyingi hakuna neno. Kwa mtu wa miaka sitini mwenye sukari, anayetumia dawa za presha na kidonge cha kukojoza, ni hatari kubwa, na muuza duka hana namna ya kujua hayo kama hajauliza. Jentamaisini nayo inajulikana kuumiza figo, hasa ikipewa bila kupima kwanza. Nyumbani kwetu sasa dawa ya maumivu ni parasetamo tu, na Mama akiingia duka la dawa husema kabla ya salamu haijaisha: "Mimi nina figo."

Mwaka huo wa 2022 kituo chetu kilipata tabibu mpya, kijana mtaratibu. Siku ya kliniki ya sukari nilimsindikiza Mama. Yule kijana akamwamkia, kisha akauliza, "Mama, mkojo wako una povu?" Mama akanigeukia mimi badala ya kumjibu, maana habari za choo hakuzoea kuzisema mbele ya mwanamume. Nikajibu mimi. Akaandika mkojo upimwe kwa kijiti cha kuchovya. Kilitugharimu shilingi 2,000. Majibu yalirudi na protini plasi mbili, hakuna chembe nyeupe, hakuna naitraiti, alama ya wadudu.

Akatueleza polepole. Ingekuwa U.T.I., angetegemea kuona chembe nyeupe na dalili za wadudu. Protini peke yake, tena nyingi kiasi kile kwa mtu wa sukari, ni ishara kwamba chujio la figo limeanza kuvuja. Akaandika kipimo cha pili, damu ya kreatinini, ambacho mashine ya kituo ilikuwa mbovu siku ile, tukaenda maabara ya binafsi mjini na kulipa 10,000.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo, maana ndipo wengi wanapopita. Kreatinini ya Mama ilikuwa 108. Kwenye karatasi ya maabara, pembeni, kiwango cha kawaida kiliandikwa 53 hadi 115. Nikafurahi. Nikampigia kaka Dar es Salaam nikamwambia figo ni nzima. Tuliporudi kwa tabibu, hakuishia kwenye ile namba. Alitoa simu, akaingiza kreatinini, umri wa Mama, miaka 61, na kwamba ni mwanamke. Programu ikatoa 50. Hicho ni kiwango cha uchujaji, yaani takriban mililita ngapi figo huchuja kwa dakika.

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kreatinini ileile ya 108 anachuja damu kwa kiwango cha takriban 84. Mama, mwenye misuli michache na umri mkubwa, alikuwa na 50. Namba moja ya maabara, figo mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo ukipewa majibu ya kreatinini, usiridhike na neno "kawaida". Muulize anayekutibu: uchujaji wangu ni kiasi gani? Hesabu hiyo ni bure na inafanyika kwa dakika moja. Angalia pia fomula inayotumika. Za zamani ziliuliza kama mgonjwa ni mweusi, na ukijibu ndiyo ziliongeza namba, figo zikaonekana bora kuliko zilivyo. Fomula iliyotoka mwaka 2021 iliondoa swali hilo.

Nilidhani siku ile tutapewa jina la ugonjwa. Tabibu alikataa. Alisema kreatinini inaweza kupanda kwa muda kwa sababu ya homa, kuharisha au dawa, na protini inaweza kuonekana kwa sababu ya homa tu. Ili uitwe ugonjwa sugu wa figo, kasoro lazima idumu zaidi ya miezi mitatu: ama uchujaji uko chini ya 60, ama kuna alama ya uharibifu kama protini kwenye mkojo. Akasimamisha diklofenaki, akaturudisha nyumbani na tarehe.

Miezi ile mitatu ilikuwa mizito kuliko yote iliyofuata. Mtaani kwetu neno figo maana yake ni mashine ya kusafisha damu, na mashine maana yake ni msiba. Mama aliacha kwenda sokoni. Aliniita usiku mmoja akaanza kunieleza nani arithi kiwanja. Jirani, kwa nia njema kabisa, alileta chupa ya "dawa ya kusafisha figo" ya shilingi 45,000. Wadogo zangu wakagawanyika, wengine wakisema anywe, haidhuru. Nilipompigia tabibu, hakumkejeli yule jirani. Alisema tu kwamba kilichomo kwenye chupa hakijulikani, kipimo chake hakijulikani, na baadhi ya mitishamba huumiza figo zenyewe, kwa hiyo tukinywa tutakuwa tumeharibu hata uwezo wa kujua kinachoendelea. Chupa ikarudi kwa mwenyewe.

Tuliporudia, kreatinini ilikuwa 116, uchujaji 46, protini iko palepale. Sasa jina likatolewa: ugonjwa sugu wa figo, daraja la tatu. Madaraja ni matano. La kwanza ni uchujaji wa 90 na kuendelea ukiwa na alama nyingine ya uharibifu, la pili 60 hadi 89 ukiwa na alama hiyohiyo, la tatu 30 hadi 59, la nne 15 hadi 29, la tano chini ya 15. Mama aliuliza swali moja tu: "Mashine lini?" Akajibiwa kwamba wengi wa daraja la tatu hawafiki kwenye mashine kamwe, na kwamba wengi wao huhatarishwa zaidi na moyo na kiharusi, ndiyo maana presha ndiyo vita yenyewe. Nilimwona akishusha mabega.

Basi tukaanza na presha. Lengo tulilopewa ni chini ya 130/80, na Mama alikuwa amezoea 160 na kuiita "presha yangu ya kawaida". Tulichanga tukanunua mashine ya kufunga mkononi, 65,000, na daftari la kurasa mia. Asubuhi na jioni, baada ya kukaa kimya dakika tano, mdogo wangu wa mwisho aliandika. Daftari lile limesaidia kuliko kitu chochote tulichonunua, kwa sababu madaktari hubadilika vituoni, faili hupotea, na bila historia kila mmoja huanza upya. Tulibandika humo kila karatasi ya maabara kwa mfuatano wa tarehe. Daktari yeyote akilifungua, anaona mteremko kwa macho yake.

Dawa ya kwanza ilikuwa lisinopril, ya kundi ambalo hushusha presha na pia hupunguza protini inayovuja. Mambo mawili yalitokea ambayo ningependa mwingine ayajue mapema. La kwanza, kikohozi kikavu. Mama alikohoa wiki nzima, akaacha kidonge bila kumwambia mtu, presha ikapanda. Kikohozi hicho kinajulikana sana kwa dawa za kundi lile. Alibadilishiwa losartan, kikaisha. La pili, wiki mbili baada ya kuanza, kipimo cha damu kilionyesha kreatinini imepanda kutoka 116 hadi 124. Kaka akapiga simu kwa hasira, "Dawa inamuua Mama, iachwe leo!" Tabibu akatufafanulia kwamba mpando mdogo mwanzoni hutegemewa, na ukiwa chini ya asilimia 30 dawa haiachwi. Kinachoangaliwa pamoja nao ni potasiamu, madini ya kwenye matunda na mboga ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini, nayo ilikuwa salama. Kama usingekuwapo mpango wa kurudia kipimo, tusingejua lolote. Na kama tungepima bila maelezo, tungeacha dawa inayomsaidia. Sharti viwe vyote viwili.

Dawa za sukari nazo zilibidi zipangwe upya. Uchujaji uliposhuka chini ya 45, metformini ilipunguzwa nusu, na tukaambiwa ikifika chini ya 30 itaondolewa. Glibenklamaidi iliondolewa baada ya alfajiri moja ya kutisha: Mama alilowa jasho, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka mno. Tulimnywesha maji ya sukari akarudi. Figo zikidhoofika, dawa kama hiyo hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Wengine huona sukari inashuka wakadhani kisukari kinapona. Ukiona mgonjwa wa sukari wa miaka mingi ghafla hahitaji dawa nyingi, figo zikaguliwe.

Chakula ndicho kilichotuletea ugomvi. Kila ndugu alikuja na marufuku yake. Maharage yakaondolewa, mchicha ukaondolewa, ndizi, embe, hata machungwa, na hapa ni Muheza, machungwa yako mlangoni. Mama akakonda, akawa analia mezani. Tabibu alipoona uzito umeshuka aliuliza nani aliyeagiza hayo yote. Hakukuwa na mtu. Potasiamu ya Mama ilikuwa 4.6, kiwango kizuri, na mwenye potasiamu nzuri hana sababu ya kunyimwa matunda na mboga. Ikija kupanda, ndipo zitapunguzwa, na mboga zitachemshwa maji yamwagwe. Adui wa kweli alikuwa chumvi, ambayo hakuna aliyeikataza: ng'onda, dagaa wa chumvi, vidonge vya mchuzi, na kijiko cha ziada juu ya sahani. Jumla ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha kwenye vyakula hivyo. Tulihamia kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mwezi wa kwanza alilalamika kila mlo, baadaye akaanza kusema chakula cha wengine kina chumvi nyingi.

Na maji. Watu watakwambia anywe lita tano kusafisha figo. Tuliambiwa anywe kwa kiu yake, zaidi kidogo wakati wa jua kali, basi.

Ramadhani ililetwa mezani kila mwaka. Mama hajawahi kuacha kufunga tangu utotoni, na kumwambia asifunge ilikuwa kama kumwondolea heshima. Tabibu alimweleza hatari ya kukaukiwa maji kwa figo zake, kisha akamwomba akaonane na imamu. Imamu alimsomea ruhusa ya mgonjwa na fidia ya kulisha maskini. Alikubali kwa machozi, na kila siku ya mwezi ule alimpikia futari mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Ushauri wa kituoni pekee usingetosha.

Masika ya 2024, mvua kubwa ile, Mama aliharisha na kutapika siku mbili huku akiendelea kumeza dawa zake zote kwa uaminifu, losartan, kidonge cha kukojoza na metformini. Tulipomfikisha hospitali kreatinini ilikuwa 240. Aliwekewa dripu, akakaa wodini, ikashuka, lakini haikurudi ilikotoka. Ilisimama 150, uchujaji 34. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mgonjwa wa figo akiharisha au kutapika mpaka hawezi kushikilia maji, dawa hizo tatu husimamishwa kwa muda, na hurudishwa akishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Sasa maneno hayo yameandikwa na tabibu kwenye jalada la daftari, kwa wino mwekundu, na sahihi yake. Mwombeni anayemtibu mgonjwa wenu awaandikie la kwake kabla ya mvua, maana dawa hutofautiana.

Mwaka 2025 uchujaji ulifika 28, daraja la nne, tukapewa rufaa kwa daktari bingwa wa figo. Tabibu alikuwa ametutajia mapema lini hilo litatokea: uchujaji ukishuka chini ya 30, au ukiporomoka haraka, au protini ikiwa nyingi mno, damu kwenye mkojo isiyoelezeka, au presha isiyoshuka hata kwa dawa kadhaa. Kwa hiyo rufaa haikutushtua. Kufikia hapo nilikuwa nimemwandikisha Mama NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kama mtegemezi wangu, haki ambayo mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa nayo miaka yote. Walimu wenzangu, wauguzi, makarani: waandikisheni wazazi wangali wazima.

Ultrasaundi ilionyesha figo zimesinyaa kidogo na hakuna kizuizi. Kipimo cha albumini, aina ya protini inayovuja, dhidi ya kreatinini kwenye mkojo kilikuwa 420, na zaidi ya 300 ni daraja baya. Aliongezewa dapagliflozini, dawa ya sukari iliyoonekana kulinda figo, ambayo miezi mingine haipatikani kwa bima na hununuliwa kwa makumi ya maelfu. Damu ilikuwa pungufu kwa sababu figo ndizo huuambia mwili utengeneze damu. Juisi ya rozela isingeweza kufanya kazi hiyo. Akachanjwa homa ya ini aina ya B. Na jambo dogo ambalo sikuwahi kulisikia: mkono wa kushoto wa Mama usitobolewe tena. Mishipa yake itunzwe, kwa sababu siku ya kuhitaji mashine, mshipa mzuri ndio njia. Tangu hapo akienda kutoa damu hunyoosha mgongo wa kiganja cha kulia.

Tulizungumza pia, familia nzima tumekaa, kuhusu kusafisha damu. Mara nyingi ni mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, maisha yote, na bila bima tuliambiwa ni zaidi ya laki mbili kwa kila mara. Upandikizaji unafanyika nchini, Muhimbili tangu 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, kwa figo ya ndugu. Daktari aliongeza njia ya tatu ambayo watu huogopa kuitaja: kutibu dalili na kumtunza bila mashine, kwa mzee anayechagua hivyo. Mama alisikiliza yote, akasema ataamua yeye, wakati ukifika, na tusimwamulie akiwa amelala. Tumeandika.

Leo uchujaji wake uko 27. Anauza machungwa siku mbili kwa wiki, amekaa kwenye kiti. Kliniki yake bado ni kwenye kituo kilekile, kwa tabibu yuleyule, na bingwa humwona kila baada ya miezi michache.

Daktari bingwa alituagiza pia sisi watoto tupime, presha, sukari na mkojo, kwa kuwa mambo haya hutembea katika ukoo. Tulikwenda Machi, wiki ya Siku ya Figo Duniani, ambayo huwa Alhamisi ya pili ya mwezi huo na mara nyingi huwa na upimaji wa bure. Kaka, wa miaka 41, aliyekuwa akigombana nami kwa simu kuhusu dawa za Mama, alikutwa na presha ya 168/104 na protini plasi moja. Alirudia mkojo baada ya miezi mitatu, protini bado ipo, uchujaji 88. Ameanza losartan, ameacha ibuprofeni za mgongo, na daftari lake liko kurasa za mwanzo.